Kofia ya Tepe Tatu

Duka la Mama Gi-ju na nyumba yangu ya wageni vinatumia ukuta mmoja, na kwa miaka mingi nimeamka kwa mlio wa cherehani yake. Jina lake hasa ni Eom Jeom-rye, lakini ukimwita hivyo hageuki. Mwanawe alipokufa jeshini, watu wa mji, kwa huruma yao ya kijinga, waliacha kumwita Mama Gi-ju wakaanza kumwita Mama wa Cherehani. Alipita mlango kwa mlango akiwaambia, "Nilikuwa Mama Gi-ju jana na nitakuwa Mama Gi-ju kesho. Anayeona jina zito aniite kwa mluzi." Muuza nyama alijaribu mluzi. Hakurudia.

Kazi yake ni kushona majina na tepe za vyeo kwenye sare za vijana wa kambi zilizotuzunguka huku Gangwon, Korea. Utepe mmoja ni kuruta wa juzi, ambaye hata kukohoa anaomba ruhusa. Tepe mbili ameanza kupumua. Tepe tatu ni mtu miongoni mwa watu, na tepe nne ni mfalme anayesubiri kurudi kwao. Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Baba yangu alipigana vitani akiwa na cheo kilichoitwa kwa Kikorea hasa, ambacho zama zile kilikuwa ngazi ya tatu kutoka chini, na tepe zake zilichongoka kama paa la nyumba. Baadaye wakubwa wakapanga upya, ngazi ya tatu ikapewa jina jingine, na kile cha hasa kikawa cheo cha wanajeshi wa kudumu, watu wa mshahara. Kaburi la baba bado limeandikwa cheo cha hasa. Wajukuu zangu wanadhani babu yao alikuwa mkubwa, nami nimewaacha wadhani.

Malipo nayo usiseme. Enzi za Gi-ju, ujira wa mwezi mzima wa kijana wa tepe mbili ulimnunulia bakuli chache za tambi za mchuzi mweusi, na hapo bado hajanunua sabuni. Wenyewe waliuita pesa ya sigara. Vijana wa sasa wanapokea zaidi ya won milioni moja kwa mwezi, wanalipa kwa simu, wanaagiza kuku wa kukaanga hadi getini, na mimi wananiuliza kama vyumba vyangu vina intaneti ya kasi. Siwaonei wivu. Ila kuna siku huwa nawatazama wakicheka kibarazani kwangu, nikapandwa na hasira ambayo sijui nimpe nani.

Zamani tepe zilikuwa na mwiko wake. Cheo kilipanda tarehe mosi ya mwezi. Kijana aliweza kuagiza tepe mapema, lakini hazikutoka dukani kabla ya siku yake. Zilikaa chini ya meza zimefungwa kwa gazeti lenye jina lake. Sababu ilikuwa kule mabwenini. Mdogo akikutwa na tepe ambazo hajapewa, wakubwa zake waliona amewadharau wote kwa pamoja, na walimpiga. Kisha kambi ikijua tepe zimetoka duka gani, duka hilo lilipigwa marufuku, mwanajeshi asikanyage tena. Fundi mmoja wa ng'ambo ya barabara yetu alifungiwa hivyo, akahamia Seoul kuuza soksi kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi. Gi-ju, akiwa bado hajaitwa jeshini, ndiye aliyemsaidia kupakia cherehani garini. Alirudi amenuna, akamwambia mama yake, "Mama, wewe usije ukatufanyia hivi."

Alikuwa mtoto wa pekee, baba yake amekwisha kufa, na alikuwa mcheshi, ana kichwa kikubwa hasa. Kofia za jeshi zilimkaa utosini. Jeshi lilimpeleka pwani ya mashariki, mbali na mkono wa mama yake. Mwaka 1987, wiki chache kabla hajapanda kuwa tepe tatu, Mama Gi-ju alikata kitambaa, akashona kofia ya kipimo cha mwanawe, akaitia tepe tatu mbele. Nilimkuta akiifunga pamoja na keki za mchele aipeleke posta.

"Dada," nikamwambia, "tarehe mosi bado."

"Kule nani atamshonea siku ikifika? Avae ya kugawiwa, imkae kama kifuniko cha birika, watu wamcheke siku yake?"

"Na mwiko je?"

"Mwiko ni wa wateja," akasema, na akakata uzi kwa meno.

Kabla mwezi haujaisha walikuja watu wawili wa jeshi. Mimi nilikuwa dukani. Walisema Gi-ju aliiba mali ya mkubwa wake bwenini, akakaripiwa, akaona aibu, akajinyonga. Mwili walikuwa wameshauchoma. Waliweka juu ya meza ya kushonea kisanduku cha majivu kilichofungwa kitambaa cheupe, na pembeni yake karatasi ya kutia sahihi.

Mama Gi-ju aliuliza aliiba nini. Mkubwa wao akasema, "Mali ya mwenzake, mama. Haina faida kuchimbua."

"Mwanangu haibi."

"Tunaelewa uchungu wako."

"Huelewi kitu wewe. Mwanangu haibi. Chukua hicho kisanduku urudi nacho. Siku mtakayokuja na maneno ya kweli, nitampokea."

Wakarudi nacho. Kikawekwa kwenye rafu ya stoo ya hospitali ya jeshi, pamoja na visanduku vingine vya vijana ambao wazazi wao walikataa kama yeye. Kila mwaka ilikuja barua ya kumwomba akakichukue, na kila mwaka alijibu maneno yale yale mawili, kwamba mwanawe haibi. Watu walimwambia mtoto anateseka huko, hana kaburi, hana pa kupumzika. Aliwajibu kwamba mtoto anayezikwa na jina la mwizi ndiye asiyepumzika. Mimi pia nilimwambia, na mimi pia alinijibu hivyo hivyo.

Mfuko wa vitu vyake uliletwa baadaye: viatu, kitabu cha nyimbo, barua za mama. Kofia haikuwemo. Mama Gi-ju akaamini imepotea njiani, akaenda posta akagombana na bwana posta mpaka yule bwana akafunga dirisha. Hilo likawa donda ndani ya donda. Hata alipozeeka alikuwa akisimamisha cherehani ghafla na kusema, "Alikufa hajaiona."

Halafu kuna lile jambo la mlangoni. Mimi si mtu wa mizuka, na watu wa kupiga ramli nawaona wezi wa mchana. Lakini kila tarehe mosi, adhuhuri, vijana wakiwa wamejazana dukani kutiwa tepe mpya, Mama Gi-ju hutazama mlangoni akanyamaza. Anamwona. Anasema yuko pale pale, umri ule ule, amesimama nje ya kizingiti na sare yake ya zamani, kichwa wazi.

"Haingii?" niliwahi kumuuliza.

"Haingii. Mwanajeshi haingii dukani bila kofia. Ananitazama tu."

"Anataka nini?"

"Ningejua ningekaa hapa?"

Mara moja, nikimletea supu, nilipita pale mlangoni saa ile ile na nikajikuta nimekwepa, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye njia nyembamba. Hapakuwa na mtu. Supu ilinimwagikia mkononi. Nilitamani kukasirika, lakini niliogopa, nami nasema wazi kwamba niliogopa.

Basi masika ya mwaka juzi alifika kwangu mgeni mmoja, Bwana Guk Jong-man, kutoka kusini, fundi mabomba mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Alikuja kumtembelea mwanawe wa uzeeni aliyekuwa kambi ya juu. Nilimpa chumba cha mbele. Mvua ilinyesha. Kijana alipopewa ruhusa ya kutoka, walikwenda wote wawili kwa Mama Gi-ju kushonesha jina kwenye koti. Tepe siku hizi hazihitaji sindano sana, zinabandikwa kwa kile kitambaa kinachong'ang'ania, lakini jina bado wanapenda lishonwe.

Baba alirudi peke yake. Alikaa kibarazani na viatu vyake vyenye matope, mimi nikamkaripia, hakusikia.

"Ile picha ukutani," akasema. "Yule kijana. Ni Pyo Gi-ju wa pwani ya mashariki?"

"Ni yeye. Wewe umemjulia wapi?"

"Bwenini," akasema, kisha akainama akaanza kulia, mtu mzima yule, miguu kwenye matope.

Sikumpa chai. Nilimshika mkono wa koti nikampeleka upande wa pili wa ukuta. Mwanawe alikuwa amekaa kwenye benchi anachezea simu. Nikamwambia akanunue chochote dukani kwa muuza nyama na asirudi haraka. Mama Gi-ju alikuwa anamalizia herufi ya mwisho ya jina la Guk.

"Dada, huyu bwana alikuwa na Gi-ju," nikasema.

Hakuinua kichwa. Alimaliza herufi, akakata uzi, akazima cherehani. "Kaa," akamwambia.

Guk hakukaa kwenye benchi. Alipiga magoti sakafuni. Alisema wakati ule yeye alikuwa na tepe tatu, na mkubwa wa bwenini, mwenye tepe nne, ni marehemu sasa. Alisema jioni moja walimkuta Gi-ju bafuni, peke yake, mbele ya kioo. Amevaa kofia mpya ya tepe tatu.

Nilimtazama Mama Gi-ju. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mkubwa akamuuliza, umeitoa wapi? Akasema ameiokota. Akapigwa. Umeitoa wapi? Akasema ameiiba kwenye kamba ya nguo ya kikosi cha jirani. Ya nani? Akasema hajui. Tuliitazama ndani, kile kitambaa cha jina la duka kilikuwa kimechanwa. Alikuwa amekichana mwenyewe, maana kipande tulikikuta mdomoni mwake. Tulimpanua mdomo, akameza."

"Mlimpiga wangapi?"

"Wote wenye tepe tatu na nne. Ilikuwa zamu kwa zamu. Mimi pia, mama."

"Alijinyonga?"

"Hakujinyonga. Hakuamka. Asubuhi tukapangwa mstari, tukapewa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Nilitia sahihi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikatia sahihi." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kitu ambacho sijawahi kukielewa maisha yangu yote ni kwa nini alikubali wizi. Angesema amenunua, angepigwa kidogo. Mtu anajiita mwizi kwa faida gani?"

Mimi nilielewa papo hapo. Mama Gi-ju naye alielewa. Alikaa akitazama mikono yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kumuuliza mteja:

"Hapo mlipomkuta, kofia ilimtosha?"

Guk akamkodolea macho. "Ilimtosha, mama. Ilimkaa vizuri sana."

"Haikumbana?"

"Haikumbana."

"Haya," akasema. Akamkabidhi koti la mwanawe. "Chukua. Jina limekaa sawa."

Hakumfukuza wala hakumsamehe. Mimi ndiye niliyemfukuza, na chumba sikumdai. Alipofika kwao alifanya kitu kimoja cha kiume, nampa haki yake: alikwenda mwenyewe kwenye tume inayochunguza vifo vya zamani vya jeshini, akasimulia yote, na jina lake likaandikwa.

Tarehe mosi iliyofuata nilikaa na Mama Gi-ju dukani tangu asubuhi. Vijana waliingia na kutoka. Adhuhuri ikafika, akatazama mlangoni. Akatazama muda mrefu.

"Yupo?" nikauliza.

"Hayupo."

Nilitaka kumwambia kwamba ni heri, kwamba mtoto amepumzika. Lakini yeye akasema, "Amejua kwamba nimejua. Ananionea haya. Au mimi ndiye ninayemtia haya." Siku ile hakushona tena, na mlio wa cherehani ulikosekana ukutani hadi mwisho wa juma.

Tume ikamwita. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja kumsindikiza, mzee wa maneno mengi anayejiona mwanasheria kwa sababu aliwahi kuwa karani. Tulikunywa supu kwangu kabla ya safari.

"Shemeji, usikilize vizuri," akasema. "Guk ameshathibitisha kipigo. Kipigo kinatosha. Gi-ju atahesabiwa amekufa kazini, atazikwa kwa heshima. Hayo ya kofia imetoka wapi, kaa kimya."

"Wizi utafutwa?"

"Wizi utabaki kwenye jalada, nani atasoma? Lakini ukisema kofia ni yako, kesho ukoo mzima utasema Jeom-rye ndiye aliyemuua mtoto wetu. Na mimi utaniweka wapi?"

"Nikuweke wapi wewe? Kaa hapo hapo ulipo, supu inapoa," nikamjibu mimi, maana niliona dada ananyamaza.

Tulikwenda watatu. Ukumbi ulikuwa mdogo, una meza ndefu na maji ya chupa. Mwanamke kijana wa tume alimuuliza kwa upole kama ana lolote la kuongeza. Mama Gi-ju alisimama, ingawa aliambiwa anaweza kukaa.

"Kofia niliishona mimi," akasema. "Niliituma kabla ya tarehe mosi. Nilijua mwiko, nilikuwa nimewakemea wengine kwa mwiko huo huo. Alijiita mwizi ili duka langu lisifungwe. Miaka yote hii nimekula kwa lile duka." Akavuta pumzi. "Andikeni hivyo. Andikeni hakuiba, alipewa na mama yake."

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Aliyoyatabiri yalitokea kweli: wapo wa ukoo walioacha kumpigia Mama Gi-ju simu. Yeye hakuwauliza.

Uamuzi ulitoka vuli. Wizi ukafutwa, kujinyonga kukafutwa, ikaandikwa kwamba kijana alikufa akiwa kazini kwa kupigwa. Na kwa desturi ya jeshi letu, aliyekufa kazini hupandishwa ngazi moja. Kijana wa tepe mbili anazikwa na tepe tatu.

Tulikwenda hospitali ya jeshi kumchukua. Alitupokea Kapteni Ban, binti mrefu mwenye nywele fupi, ambaye angeweza kuwa mjukuu wa yeyote kati yetu. Alikuwa mpole kwa dhati, wala si ule upole wa kufundishwa. Kisanduku kilikuwa mezani, kitambaa chake kimebadilishwa, kipya. Mbele yake waliweka kofia mpya ya jeshi yenye tepe tatu, na waraka wa kupandishwa cheo.

Mimi na ulimi wangu nilimuuliza tofauti ya malipo kati ya tepe mbili na tatu mwaka ule ilikuwa kiasi gani. Akatafuta kwenye simu yake, akaona haya kabla hajasema. Ilikuwa won mia chache kwa mwezi, bei ya mkate mtamu wa maharage. Nilitazama dirishani mpaka hasira iliponipungua.

"Mama," Kapteni Ban akasema, "tumechelewa sana, najua hakuna neno la kutosha. Ila kuanzia leo Pyo Gi-ju ni wa tepe tatu. Jiwe lake kule makaburi ya jeshi litaandikwa hivyo. Nahitaji sahihi yako tu hapa chini."

Mama Gi-ju aliichukua ile kofia. Aliigeuza, akatazama mshono kwa ndani kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine, akapitisha kidole gumba juu ya tepe, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akairudisha mezani, upande wa kapteni.

"Sitii sahihi."

"Mama, hii ni haki yake. Ameistahili."

"Najua ni haki yake. Huko makaburini atalala na nani?"

Kapteni hakuelewa swali. "Na wenzake, mama. Wanajeshi wenzake."

"Wakubwa zake," Mama Gi-ju akasema. Alikivuta kisanduku kwake akakipakata, akakifunika masikio kwa viganja viwili kana kwamba kina masikio. "Mwacheni na mbili zake, binti yangu. Akiingia kule na kofia ya tatu, watamuuliza tena ameitoa wapi."